Subira ya Ngamia Nambari Saba

Inatangazwa kwa umma wote wa Isiolo, wa mjini na wa malishoni, wenye digrii na walioiacha njiani, ya kwamba mji wetu umeingia katika historia ya sayansi, tena umeingia kwa mlango wa nyuma ukivuta ngamia. Katika damu ya ngamia huyo imepatikana kingamwili ya kutambua kimeng'enya kinachopeleka ujumbe ndani ya seli, kazi ambayo sungura wa ng'ambo wameifanya miaka mingi bila kushukuriwa. Ngamia huyo anaitwa Nambari Saba. Mlezi wake anaitwa Gumato. Wananchi wanaombwa kusimama, kuvua kofia na kuzima simu, isipokuwa wale wanaosubiri kupigiwa kuhusu kazi za kaunti, ambao wanaruhusiwa kuendelea kusubiri.

Hivyo ndivyo mshereheshaji alivyosoma, akipoteza neno hapa na pale kila kipaza sauti kilipokatika, na watu waliojaa chini ya hema jeupe wakapiga makofi mahali palipokuwa na kimya.

Gumato mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa na kufungwa utepe mgongoni kama bibi harusi. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia kufuli. Kufuli lilikuwa kwenye kola ya chuma, kola ilikuwa shingoni mwa ngamia, na ngamia alikuwa amefungwa kando ya hema akitafuna mapambo, kwa utulivu wa mnyama asiyejua kwamba lori la kumpeleka Nairobi limeshatiwa mafuta. Jina lake halikuwa Nambari Saba. Jina lake lilikuwa Korona, na hakuwa wa Gumato.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi turudi nyuma, kabla ya sayansi, wakati ngamia walikuwa ngamia tu.

Gumato alizaliwa Biliqo, upande wa Merti, na kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe moja Januari. Ndivyo kinavyosema kitambulisho cha dada yake, cha marehemu mumewe, na cha karibu kila mtu wa umri wake kutoka pande zile, na hakuna mtafiti aliyewahi kuuliza ni tukio gani lililotokea huko miezi tisa kabla. Alikulia nyuma ya mifugo, akaolewa nyuma ya mifugo, na ukame ulipomaliza mifugo akajikuta mjini Isiolo akiwa na watoto, chombo kimoja cha maziwa, na tabia moja ambayo ukame haukuweza kuiua.

Tabia hiyo ilikuwa usawa. Watu wengine wana presha, Gumato alikuwa na usawa. Siku za chakula cha msaada, wanawake walimwita yeye agawe mafuta, kwa sababu alikuwa akiinama kuangalia kikombe kwa jicho moja hadi tone la mwisho likate shauri. Shirika fulani lilipoleta taa moja ya sola kwa nyumba tatu, likapiga picha na kwenda zake, nyumba tatu zilikuwa tayari kununiana. Gumato akaichukua ile taa akaiweka kwa zamu: leo inalala hapa, kesho inalala pale. Watu walimcheka, lakini hakuna mtoto aliyebaki gizani zaidi ya mwenzake. Tangu siku hiyo wakamwita Gumato Sawasawa, na yeye akalichukua jina hilo kama sifa, jambo lililoharibu utamu wa mzaha.

Kazi yake ilikuwa maziwa ya ngamia. Hapa kwetu wanaume wana mnada na wanawake wana maziwa. Mnada ni wa siku moja kwa wiki, maziwa ni ya kila siku, ndiyo maana wanaume wana nafasi ya kuwa na maoni. Maziwa ya Gumato yaliingia kwenye mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi, yakapanda basi la asubuhi hadi Eastleigh kule Nairobi, na huko watu wakayanywa na chai wakasema hii ndiyo ladha ya nyumbani, ingawa wengi wao nyumbani walikuwa wamekimbia.

Alikuwa na ngamia majike watano, wote wa ukoo mmoja, wote rangi ya vumbi, wote na uso wa mtu aliyeombwa mkopo. Aliwapa majina kwa matukio. Sensa alizaliwa mwaka wa kuhesabiwa watu. Nzige alizaliwa mwaka wa nzige. Korona alizaliwa wakati dunia imefungwa, na akakua kuwa ndiye mwenye maziwa mengi kuliko wote, hivi kwamba kuna wanawake mjini waliokuwa wakisema bila aibu, "Leo nipe ya Korona." Wawili waliobaki, waliokuja na majina yao, walikuwa Dima na Daalacha.

Lakini kusema ni ngamia wa Gumato ni kusema ovyo. Sensa na Nzige walikuwa wake. Dima alikuwa wa binti yake aliyeolewa mbali. Daalacha aliletwa na mzee mmoja wa Gotu kwa desturi ya dabare: unapewa mnyama umkamue, maziwa ni yako, lakini roho na uzao ni vya mwenyewe. Na Korona alikuwa wa watoto wa kaka yake marehemu, mayatima wanaoishi Merti na mama yao Lul. Kwa Waborana mnyama wa amana ni mzito kuliko nundu yake. Akikonda, watu wanasema umemnyonya. Akifa, wanasema umemla. Akinenepa, hawasemi kitu, wanakuja kumchukua.

Aliyewachunga ni Ebei, Mturkana wa Ngare Mara, mwanamume mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi, aliyekaa na Gumato miaka mingi hadi wakawa wanagombana kwa Kiborana, Kiturkana na Kiswahili bila kubadilisha gia.

Ndipo akaja Daktari Abdinasir.

Abdinasir alikuwa kijana wa mjini hapa hapa. Alikwenda ng'ambo kusomea seli, akarudi na shahada ya uzamivu, koti lisilofaa hewa ya Isiolo, na pesa za wafadhili. Alikodisha vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akaweka friza, jenereta, na binti mmoja mtaalamu wa maabara aitwaye Linda, ambaye alikuwa akingoja kuandikwa kazi rasmi tangu siku ya kwanza. Kisha akatafuta ngamia. Wenye ngamia wengi walipokataa, akaja kwa Gumato, kwa sababu mama yake Abdinasir alikuwa mteja wa maziwa, na mtu hamkatalii mtoto wa mteja.

Alimkalisha Gumato na Ebei kwenye viti, akawapa soda, akaeleza.

"Mama, ndani ya mwili kuna seli. Ndani ya seli kuna wajumbe. Kuna mjumbe mmoja, kimeng'enya, kazi yake ni kugongea wenzake mlango na kusema: amka, habari imefika. Akigonga kupita kiasi, seli zinakua ovyo, unasikia mtu ana saratani. Asipogonga, shida nyingine."

"Kama chifu msaidizi," Ebei akasema.

"Sasa huyo mjumbe haonekani. Ndani ya tone moja la damu au kipande cha nyama wako maelfu kama yeye. Tunataka kitu kinachomjua yeye peke yake. Tukimdunga ngamia kidogo cha huyo mjumbe, mwili wa ngamia utauliza, huyu mgeni ni nani? Utatengeneza kingamwili ya kumkamata. Sisi tunaichukua hiyo, tunaitia kwenye sampuli kule maabara, inampita huyu, inampita yule, inamshika mwenyewe. Inatuonyesha mstari mweusi. Na ya ngamia ni ndogo, inaingia mahali ile ya sungura inakwama."

Gumato alifikiri. "Hiyo sindano haitamuumiza?"

Hapo Daktari Abdinasir, mtu aliyetetea utafiti wake mbele ya maprofesa sita bila kutoa jasho, akafanya kosa. Alitaka kurahisisha.

"Hapana, mama. Ichukue kama vitamini."

"Na ni ya ngamia wangapi?"

"Mmoja tu."

Gumato akamtazama kama mtu aliyeingia nyumba yenye watoto watano akiwa ameshika andazi moja.

Ngamia aliyechaguliwa siku hiyo alikuwa Sensa, kwa sababu alikuwa karibu. Alivishwa kola ya nailoni yenye bamba la namba saba. Ebei aliuliza wako wapi namba moja hadi sita. Abdinasir akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba wafadhili hawapendi mradi wenye ngamia mmoja.

Wakiwa njiani kurudi malishoni, walipovuka barabara ya lami, Gumato akaanza.

"Ebei. Vitamini ya bure imekuja, na imepewa Sensa."

"Nimeona."

"Sensa ni wangu."

"Najua ni yako, mama."

"Yule mzee wa Gotu akisikia atasema nini? Kwamba vitamini ilikuja, nikampa wangu, Daalacha wake nikamwacha hivyo hivyo? Na Lul je? Lul atasema mayatima hawana mtu."

Ebei alitema mate pembeni. "Lakini mama, Daktari hakusema Sensa. Alisema ile yenye kola. Hiyo kola ndiyo iko na bahati."

Gumato akasimama. Ebei alikuja kusema baadaye kwamba kama angejua, angeendelea kutema mate na kunyamaza.

Mara ya pili watu wa mradi walipokuja, kola ilikuwa shingoni mwa Nzige. Mara ya tatu, Dima. Mara ya nne, Daalacha. Korona alirukwa, kwa sababu alikuwa na mimba, na ngamia mwenye mimba hachezewi na sindano ambayo aliyeileta ameieleza kwa mfano. Zamu yake ingekuja akishazaa. Gumato aliliweka hilo moyoni kama deni.

Mtu atauliza, hawakuona? Wangeona nani? Abdinasir alikuwa kwenye semina. Aliyekuja ni mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, na kila mara alikuwa mwanafunzi mwingine. Wa kwanza alitoka Murang'a na hakuwahi kumwona ngamia ila kwenye picha. Wa pili alidungia upande mmoja huku miguu yake ikielekea upande mwingine, tayari kwa safari. Wa tatu alitemewa majani yaliyotafunwa kuanzia kwenye miwani hadi kifuani, akamaliza kazi kwa kupapasa. Wote walifuata maagizo sawasawa: tafuta namba saba, toa damu shingoni, dunga, ondoka. Hakuna aliyeambiwa aangalie uso.

"Huyu ndiye Nambari Saba?" kila mmoja aliuliza.

"Soma mwenyewe," Ebei akajibu, na hakusema uongo.

Kule maabara mambo hayakuwa mazuri. Linda alichukua damu ya kila safari, akaijaribu kwenye sampuli zenye kile kimeng'enya, akangoja mstari mweusi. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne utando wa kupimia ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi. Abdinasir alibadilisha maji, akabadilisha friza, akamlaumu fundi wa jenereta, akamlaumu Linda kwa njia ya heshima. Wafadhili wakaanza kuandika barua pepe zinazoanza na neno "Tunatumaini."

Kisha zamu ikarudi kwa Sensa, ambaye alishadungwa mara moja na mwili wake ulikuwa umekaa ukimfikiria yule mgeni. Mstari ukatokea. Mwembamba, mweusi, mahali pake hasa. Safari iliyofuata ilikuwa ya Nzige, mstari tena.

Mtu wa kawaida angesema alhamdulillahi akaendelea na kazi. Abdinasir alikuwa na shahada, kwa hiyo ilibidi aeleze. Alijifungia siku kadhaa, akatoka na nadharia. Ngamia wa nyika, alisema, hakurupuki. Sungura akidungwa anapayuka mara moja, kwa sababu sungura hajaona kitu. Ngamia wa Isiolo ameona ukame, ameona nzige, ameona kampeni. Akiletewa mgeni, kwanza anamtazama. Kama anavyoweka mafuta kwenye nundu, ndivyo anavyoweka na kinga, akaitoe siku inayofaa. Akaiita Kinga ya Subira. Akaandika kurasa nyingi zenye michoro: mstari unaotambaa chini, chini, chini, halafu unapanda ghafla kama bei ya sukari.

Dunia ikaipenda. Redio ikaja. Jarida likaipokea. Mtu fulani huko ng'ambo akasema subira hiyo inaweza kutufundisha mengi kuhusu mwili wa binadamu. Mama yake Abdinasir akachinja mbuzi. Na Gumato, aliyekuwa na redio ya betri kando ya mitungi yake, akasikia kwamba ngamia wake ana subira, akasema, "Ngamia gani?" na akaendelea kupima maziwa.

Korona alizaa. Ndama alipoanza kukimbia bila kuangukia pua, Gumato akaona wakati wa kulipa deni umefika. Asubuhi ya siku ya watu wa mradi, akamvisha Korona kola, akamsugua shingo, akamwambia, "Leo na wewe."

Lakini hakuja mwanafunzi. Alikuja Abdinasir mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ya soda, na hakuwa na sindano. Alikuwa na kola ya chuma yenye mtambo wa kuonyesha kwenye simu mnyama yuko wapi, kwa sababu Nambari Saba alikuwa sasa mali ya thamani na wezi wa mifugo nao wana redio. Alisoma bamba, akamvua Korona ile ya nailoni, akamvisha ya chuma, akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akapiga picha naye shavu kwa shavu.

"Amenenepa," akasema.

"Amezaa," Ebei akamwambia.

Abdinasir akatoa simu, akaandika kitu. "Kwa hiyo kingamwili haikuzuia uzazi. Safi sana. Mama Gumato, nina habari njema. Tutafanya sherehe, na baada ya sherehe Nambari Saba anahamia kituo kikubwa karibu na Nairobi. Ataishi huko maisha yake yote. Paa, maji, daktari wake mwenyewe. Ataishi kama mbunge."

Gumato alishika kamba. "Huyu hawezi kwenda."

"Mtapewa mwingine."

"Lini?"

"Utaratibu unaendelea."

Gumato alikuwa ameishi Isiolo miaka ya kutosha kujua kwamba utaratibu ukianza kuendelea haufiki. "Na ndama?"

"Ndama hayuko kwenye bajeti."

"Mwanangu Abdinasir, nisikilize. Huyu ni wa watoto wa ndugu yangu. Mayatima."

Abdinasir akamwekea mkono begani, kwa upole wa mtu ambaye ameshapanda gari moyoni. "Mama, sasa ni wa dunia."

Jioni hiyo Lul alipiga simu kutoka Merti. Baada ya salamu, ambazo kwa Lul ni safari ya peke yake, akasema, "Wifi, nimesikia kwa redio ngamia wako amekuwa mtu mkubwa. Mashallah. Na Korona wetu?"

"Hajambo."

"Hiyo vitamini watu wanayoisema, amepata?"

"Bado."

"Bado," Lul akarudia. "Sawa. Mimi sisemi kitu. Usimsahau tu kwa sababu ni wa yatima."

Gumato alikata simu akakaa na hilo neno kama mtu aliyemeza mfupa. Kumtoa Korona wa mayatima kwa mradi, na Sensa wake mwenyewe abaki malishoni amenona? Hata akizikwa, watu wangekuja matangani kula pilau na kuhesabu ngamia.

Ebei alipendekeza msumeno. Asubuhi, jua likiwa limepanda vizuri, walimfunga Korona magoti, Ebei akaanza kukata chuma. Korona alimvumilia kidogo, halafu akamng'ata kofia akaila. Msumeno haukuwa umetoboa hata rangi pale simu ya Gumato ilipolia.

"Mama," sauti ya Abdinasir, "mtambo unaniambia Nambari Saba anatikisika kwa njia isiyo ya kawaida. Ana homa?"

"Anajikuna," Gumato akasema.

"Andika dalili zake zote, mama. Hiyo ni data."

Kwa hiyo akaamua kufanya jambo la heshima, aende kusema ukweli faraghani. Alikwenda maabara na mtungi wa maziwa, maana mtu haendi mikono mitupu kumvunjia mwenzake maisha. Abdinasir alikuwa kwenye simu na ng'ambo, akamwashiria akae. Linda, aliyetaka kumfurahisha, akamwonyesha picha.

"Ndiyo hii, mama. Unaona huu mstari? Ni kingamwili ya ngamia wako imemshika yule mjumbe. Na hapa hakuna mstari, kwa sababu hapa tulitoa mjumbe makusudi, kuona kama itadanganya. Haijadanganya."

Gumato aliupenda ule mstari. Ulikuwa umenyooka. "Linda, mwanangu. Na kama ile damu si ya ngamia mmoja?"

Linda akacheka. Halafu akaacha kucheka. Alitazama picha za mara ya pili, ya tatu, ya nne, zile nyeupe, akamtazama Gumato, akatazama mlango.

"Mama ulikuwa unabadilisha?"

"Kwa zamu. Ilikuwa vitamini."

Linda alikaa kwenye kiti polepole. "Mama, tafadhali. Barua yangu ya kazi inasainiwa wiki ijayo, baada ya sherehe. Hiyo kingamwili ni nzuri, inafanya kazi, haijui ilitoka kwa nani. Ile nadharia ndiyo... Ungengoja kidogo tu."

"Lori ni la siku ya sherehe."

Abdinasir akamaliza simu, akaja na mikono miwili mbele.

"Mama Gumato, nina dakika moja."

"Nina neno moja. Huyo ngamia uliyemfunga—"

"Najua, utamkumbuka. Ni kawaida." Simu ikalia tena. "Mama, sayansi ni subira," akasema, akaingia ndani. Maziwa aliyachukua.

Basi siku ikafika, na ndiyo hii ya hema jeupe. Wageni wa wafadhili walifika kwa wakati, wakaungua na jua. Mheshimiwa wa kaunti alifika wakati wageni walipokuwa wameiva. Alizungumza kirefu. Alisema ngamia huyu ni kama viongozi wa kaunti yetu: mtu anaweza kudhani hatufanyi kitu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kumbe tunajikusanya. Wananchi waliitazama barabara yao wakapiga makofi kwa adabu.

Abdinasir naye akasimama, koti likimnyonya jasho. Alieleza Kinga ya Subira kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa hisia. Alisema Nambari Saba alidungwa, akanyamaza, akadungwa, akanyamaza, na dunia ikakata tamaa, lakini yeye Abdinasir hakukata tamaa. Aliposema hivyo alitoa machozi, na yalikuwa ya kweli. Linda, nyuma yake, alikuwa akiangalia viatu vyake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Ufunguo wa kufuli uliletwa kwenye sinia yenye kitambaa, ili ukabidhiwe mgeni mkuu kutoka kwa wafadhili, naye amkabidhi dereva wa lori. Korona, aliyekuwa amemaliza mapambo ya upande wake, alinyoosha shingo akalia. Ndama wake akajibu kutoka mbali, upande wa mitungi ya maziwa, alikofungwa asiharibu sherehe. Akalia tena. Ebei, aliyesimama na kamba mkononi, alimtazama Gumato. Hakusema kitu, na kwa Ebei hiyo ilikuwa hotuba.

"Kabla ya kukabidhi," mshereheshaji akasema, "tumpe mama nafasi. Kwa kifupi tu, mama, maana chakula kiko tayari."

Gumato akasimama. Alijifunga shuka vizuri. Kuna mwanamke nyuma alimwambia mwenzake, "Huyo ndiye Sawasawa," na mwenzake akasema, "Leo atagawa nini?" Kipaza sauti kikawekwa mbele yake, na mgeni mkuu, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kwa miezi na alitaka kukitumia, akainuka kwa heshima zote, mkono kifuani.

"Mama Gumato," akasema, polepole, kila neno likiwa limepigwa pasi, "dunia nzima inataka kujua. Wewe umeishi na ngamia huyu. Umemwona alipokuwa kimya, na umemwona alipojibu. Tuambie, siri ya subira ya Nambari Saba ni nini?"

Kipaza sauti, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakikukatika. Abdinasir alimtabasamia, akatikisa kichwa kumtia moyo. Gumato alitazama sinia, akatazama kufuli, akamtazama Korona wa mayatima.

"Saba ni kola," akasema. "Ngamia ni watano, wanadungwa kwa zamu. Huyu bado."